2,147,483,647: namba iliyopungukiwa na moja

Chukua kibubu kitupu tarehe 1 Januari, utie shilingi moja. Tarehe 2 utie shilingi mbili, tarehe 3 nne, tarehe 4 nane, na kila siku inayofuata utie mara mbili ya ulichotia jana yake. Siku kumi za kwanza hazitakutisha, kwa kuwa kibubu kitakuwa na shilingi 1,023 tu. Tarehe 20 jumla itavuka milioni moja, na hapo ndipo mshahara wa watu wengi unapoanza kushindwa. Tarehe 31, ukijaaliwa kufika, utatakiwa kutia shilingi 1,073,741,824 kwa siku hiyo moja, na jumla ya vyote vilivyomo itakuwa shilingi 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba.

Namba hiyo inajulikana kwa sababu mbili. Wanahisabati wanaijua kama namba tasa ambayo Leonhard Euler aliithibitisha mwaka 1772, na ambayo kwa miongo mingi ilikuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana duniani. Waandishi wa programu wanaijua kama ukuta: mahali ambapo hesabu ya kompyuta ya aina fulani hufika, na ikiongezwa moja tu, huanguka ghafla upande wa hasi. Mara nyingi sifa hizi mbili huchanganywa. Mtu akisikia kwamba kikomo cha kompyuta ni namba tasa, hudhani kwamba wahandisi waliichagua kwa ajili ya utasa wake, jambo ambalo si kweli. Sifa hizo ni kama ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja na kwenda kuishi miji tofauti, na ili kuzitenganisha inafaa kuanzia nyumbani, yaani kwenye kibubu.

Kwa nini jumla ya mwezi mzima iishie kwenye 647 na si 648? Mwombe jirani achangie shilingi moja tu. Moja yake ikiunganishwa na moja ya tarehe 1 inakuwa mbili. Mbili hizo zikiunganishwa na mbili za tarehe 2 zinakuwa nne. Nne hizo zikikutana na nne za tarehe 3 zinakuwa nane, na mwendo huo unaendelea bila kukwama hadi tarehe 31, ambapo unapata 2,147,483,648, kiasi ambacho kingekuwa zamu ya tarehe 32 kama mwezi ungekuwa na siku hiyo. Kiasi hicho ni mbili iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 31, na huandikwa 2³¹, ambapo ile 31 ya juu huitwa kipeo. Kibubu bila mchango wa jirani kina pungufu ya shilingi moja, kwa hiyo namba yetu ni 2³¹ − 1. Karibu kila kitakachosemwa hapa kinatokana na upungufu huo wa moja.

Namba tasa, kama tulivyofundishwa shuleni, ni namba kubwa kuliko moja isiyo na vigawo vingine zaidi ya moja na yenyewe. Saba ni tasa. Sita si tasa kwa kuwa ni mbili mara tatu. Nimewahi kujiuliza kama neno lenyewe lilichaguliwa vizuri, kwa sababu tasa ni yule asiyezaa, ilhali namba hizi huzaa kila namba nyingine kwa kuzidishana. Zilichokosa ni wazazi. Lakini neno limeshazoeleka, na tutaona mbele kwamba tasa wetu huyu ana mtoto maarufu.

Kuhakikisha kwamba namba ndogo ni tasa si kazi. Kwa namba yenye tarakimu kumi, kazi inakuwa nyingine kabisa. Mbinu za darasani zinaondoa vigawo vichache kwa haraka: namba inaishia na 7, kwa hiyo ni witiri na haigawanyiki kwa 5, jumla ya tarakimu zake ni 46, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Baada ya hapo hakuna njia ila kugawanya na kutazama baki. Kuna nafuu moja tu ya jumla, nayo ni kwamba namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili, kwa sababu vigawo huja wawili wawili, na wote wawili hawawezi kuwa juu ya kipeuo. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 kinaanguka kati ya 46,340 na 46,341. Mtu mwenye orodha ya namba tasa zote hadi hapo angehitaji kufanya migawanyo zaidi ya 4,700 kwa mkono, bila kukosea hata mmoja.

Kabla ya kuona jinsi Euler alivyopunguza kazi hiyo, inabidi kujua kwa nini mtu yeyote alifikiri kwamba namba hii hasa inafaa kuchunguzwa. Jibu lipo katika namna ya kuiandika. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika mtindo huo kila nafasi ina thamani mara mbili ya nafasi iliyo kuliani kwake, sawasawa na siku za kibubu chetu. Namba 2³¹ − 1 ina kila siku ya mwezi ndani yake mara moja, kwa hiyo katika mtindo wa mbili huandikwa kwa moja 31 zilizopangwa mstari mmoja bila sifuri hata moja. Sasa tazama mstari mfupi zaidi, wa moja sita: 111111, ambao ni 63. Unaweza kuukata katika vipande viwili vya tatu tatu, 111 na 111, na hapo hapo unajua kwamba unagawanyika kwa 111, ambayo ni 7. Unaweza pia kuukata katika vipande vitatu vya mbili mbili, na unajua unagawanyika kwa 11, ambayo ni 3. Mstari wowote wenye urefu unaogawanyika sawasawa hujifichua hivyo. Mstari wa moja 31 haukatiki, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa. Hivyo mlango mmoja wa kupata vigawo umefungwa tangu mwanzo, na ndiyo maana namba za umbo hili zikiwa na kipeo tasa zimewavutia watu kwa karne nyingi.

Mlango mmoja kufungwa hakuna maana kwamba milango yote imefungwa. Mstari wa moja 11 ni 2,047, na 11 ni tasa, lakini 2,047 ni 23 mara 89. Mwitalia Pietro Cataldi alijikwaa hapo. Alithibitisha kwa usahihi kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kazi kubwa kwa mtu aliyekuwa na kalamu na karatasi tu, kisha mwaka 1603 akadai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 pia hutoa namba tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alionyesha kwamba kipeo 23 kinashindwa kwa kigawo 47, na kipeo 37 kinashindwa kwa kigawo 223. Kipeo 29 kilibomolewa na Euler mwenyewe, alipokuta kwamba 233 ni kigawo. Katika madai manne ya Cataldi, moja tu lilikuwa kweli, na lilikuwa kweli kwa bahati: lile la 31. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake hadi leo, aliiweka 31 katika orodha yake ya mwaka 1644, lakini orodha hiyo nayo ilikuwa na makosa matano, ikiwemo 67, ambayo mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole aliivunja kuwa 193,707,721 mara 761,838,257,287. Madai bila uthibitisho yalikuwa yamejaa. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kufunga hesabu.

Euler alipoifunga mwaka 1772 alikuwa St. Petersburg, umri wake miaka 65, macho yake yamekaribia kupofuka kabisa, na taarifa yenyewe aliitoa katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa wanahisabati wa Bernoulli. Hakugawanya mara 4,700. Alichofanya ni kuuliza swali la kijanja zaidi: kama namba hii ingekuwa na kigawo, kigawo hicho kingelazimika kuwa na sura gani?

Fikra yake inaeleweka vizuri kwa mfano mdogo. Chukua 23, ambayo tumeona kwamba ni kigawo cha 2¹¹ − 1. Anza na 1, uwe unazidisha kwa 2, na kila ukivuka 23 uitoe na kubaki na baki tu. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32 inakuwa 9, halafu 18, 13, 3, 6, 12, na mwisho 24 inakuwa 1 tena. Umerudi ulikoanzia baada ya hatua 11, na kuanzia hapo utazunguka duara lile lile milele. Si ajabu kwamba hatua ni 11, kwa sababu kusema kwamba 23 inagawanya 2¹¹ − 1 ni sawa na kusema kwamba hatua ya kumi na moja inaacha baki ya 1. Jambo la ajabu ni kanuni ya Fermat, isemayo kwamba kwa namba tasa yoyote, urefu wa duara hili lazima ugawanye namba hiyo ukitoa moja. Kwa 23, duara la hatua 11 linaingia katika 22 mara mbili kamili. Kwa 7, mabaki ni 1, 2, 4 na kurudi 1, duara la hatua tatu, na tatu inaingia katika sita.

Sasa rudi kwenye namba yetu. Kama kuna namba tasa inayoigawanya, tuiite k, basi duara la mbili chini ya k, yaani la mabaki ya kugawanya kwa k, linafungwa baada ya hatua 31. Urefu wa duara hauwezi kuwa sehemu ya 31, kwa kuwa 31 ni tasa na haina sehemu sawa zaidi ya moja moja, kwa hiyo duara ni la hatua 31 hasa. Kwa kanuni ya Fermat, 31 lazima iingie katika k − 1. Tena k ni witiri, kwa hiyo k − 1 ni shufwa, na hivyo 62 ndiyo inayoingia. Kwa maneno mengine, kigawo chochote tasa cha 2,147,483,647 ni lazima kiwe kigawe cha 62 kilichoongezwa moja. Chini ya 46,341 namba za sura hiyo ni 747 tu. Msomaji anaweza kurudi nyuma na kupima vigawo vilivyotajwa: 47 ni 46 na moja, na 46 ni mara mbili ya 23, 233 ni 232 na moja, na 232 ni mara nane ya 29, 223 ni 222 na moja, na 222 ni mara sita ya 37. Wote wana alama ileile ya familia.

Kisha Euler alipitisha chekeche la pili. Kama 2³¹ inaacha baki ya 1 chini ya k, basi 2³² inaacha baki ya 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶, kwa hiyo katika hesabu ya mabaki ya k, mbili ni mraba wa namba nzima. Kuna kanuni isemayo kwamba hilo hutokea tu kwa namba tasa ambazo zikigawanywa kwa 8 huacha baki ya 1 au 7. Ukiunganisha chekeche mbili, kinachobaki ni namba ambazo zikigawanywa kwa 248 huacha baki ya 1 au 63. Za namna hiyo chini ya 46,341 ni 373, na nyingi kati yake zinajiondoa zenyewe kwa kuwa si tasa. Kumi za kwanza ni 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241, na katika hizo kumi ni 311 pekee iliyo tasa. Ukigawanya 2,147,483,647 kwa 311 unapata 6,905,092 na baki ya 35. Inayofuata ni 1,303. Kwa makadirio, orodha nzima ina namba tasa themanini hivi. Milima ya Cataldi imekuwa vichuguu, na mtu mwenye subira anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Kila mgawanyo uliacha baki. Namba ni tasa.

Ninaona uzuri wa uthibitisho huu katika ukweli kwamba haukuipima namba kwa nguvu. Uliutumia ule upungufu wa moja kuiuliza namba ieleze maadui zake wanafananaje, kisha ukawasaka hao tu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba hii katika kitabu chake cha nadharia ya namba. Alisema ndiyo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, na kwamba namba timilifu inayozaliwa nayo huenda isipitwe kamwe, kwa kuwa vitu hivi ni vya udadisi tu, havina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta vikubwa zaidi. Watu wamemcheka Barlow sana. Mimi simcheki, kwa sababu kuhusu manufaa alikuwa sahihi kwa wakati wake. Alichokosea ni kudhani kwamba binadamu huacha jambo kwa kuwa halina manufaa. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, na Oktoba 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320.

Namba timilifu aliyoitaja Barlow ndiye mtoto niliyemwahidi msomaji. Namba huitwa timilifu pale vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe vinapojumlishwa na kuirudisha yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28, ambayo ni 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alijua karne nyingi kabla kwamba kila namba tasa ya umbo letu huzaa timilifu moja. Kibubu kinaonyesha sababu. Chukua alichotia mtu tarehe 31, yaani 2³⁰, ukizidishe na jumla ya kibubu kizima. Vigawo vya zao hilo viko makundi mawili. Kundi la kwanza ni viasi vya kila siku, 1, 2, 4 hadi 2³⁰, na jumla yake ni kibubu kizima. Kundi la pili ni kibubu kizima mara 1, mara 2, mara 4 na kuendelea hadi mara 2²⁹, na jumla yake ni kibubu mara 2³⁰ − 1. Yajumlishe makundi yote mawili: lile la kwanza ndilo linaloziba upungufu wa moja wa lile la pili, na unabaki na kibubu mara 2³⁰, ambayo ndiyo namba uliyoanza nayo. Jirani amelipa ile shilingi. Kama kibubu kisingekuwa tasa, vigawo vyake vya ziada vingeingia na kuharibu mizani. Utasa unahitajika hapa kweli kweli. Matokeo ni 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni namba timilifu ya nane. Mwanahisabati Ismail ibn Fallus, aliyeishi karne ya kumi na tatu, aliorodhesha timilifu kumi ambazo saba za kwanza zilikuwa sahihi kabisa. Ya nane ilimshinda, na ilibidi imsubiri Euler.

Hadi hapa hakuna kompyuta. Kompyuta inaingia kwa mlango mwingine kabisa.

Kwa muda mrefu mashine nyingi zilihifadhi namba nzima katika nafasi 32 za sifuri na moja, ambazo huitwa biti. Kwa kuwa namba inaweza kuwa chanya au hasi, biti moja hutengwa kwa ajili ya alama, na zinabaki 31 kwa ajili ya ukubwa. Namba kubwa kabisa inayoweza kuingia ni ile ambayo biti zote 31 zimejaa moja, na tumekwisha kuona kwamba mstari wa moja 31 ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja, ile shilingi ya jirani inapita katika nafasi zote 31 ikiziacha na sifuri, na kuangukia kwenye biti ya alama, na mashine inasoma −2,147,483,648. Ni kama ile mita ya kilomita katika gari kuukuu ambayo ikifika 999999 hurudi mwanzo, isipokuwa hii hairudi kwenye sifuri bali hutumbukia shimoni.

Utasa hauna nafasi yoyote katika maelezo hayo. Mashine zenye biti 16 zina kikomo cha 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Mashine za sasa zenye biti 64 zina kikomo cha 9,223,372,036,854,775,807, ambayo inagawanyika kwa 7 kwa sababu ile ile ya mistari: 63 hukatika katika vipande vya tatu tatu. Wahandisi walichagua 32 kwa kuwa ni maradufu ya 16, wakatoa moja kwa ajili ya alama, na ikawa tu kwamba 31 iliyobaki ni tasa, na kwamba miongoni mwa vipeo tasa ni mojawapo ya vichache vilivyofaulu. Ni sadfa, ingawa nakiri kwamba ni sadfa inayopendeza.

Kikomo hiki kimewahi kuonekana hadharani. Desemba 2014 YouTube ilieleza kwamba haikuwahi kudhani video moja ingetazamwa mara nyingi kiasi hicho, na ikapanua kihesabio chake hadi biti 64 kwa sababu ya wimbo mmoja wa Korea Kusini. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru kwamba ndege za Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara, kwa kuwa kihesabio katika mfumo wa majenereta kingefurika baada ya siku 248 za kuwashwa mfululizo. Na 2,147,483,647 ukizihesabu kama sehemu za mia za sekunde ni siku 248 na nusu hivi. Kwamba 248 hiyo inafanana na 248 ya Euler ni mzaha wa bahati tu, hauna maana yoyote.

Kubwa zaidi bado halijatokea. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu saa kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za dunia za Greenwich. Palipotumika biti 32 zenye alama, sekunde ya mwisho ni ya 2,147,483,647, nayo itafika Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Kigali na Bujumbura itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Muscat saa moja na dakika 14. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itasoma Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901, mwezi ule ule ambao reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni mwa ziwa, mahali panapoitwa Kisumu leo. Seva na simu nyingi za sasa zimekwisha kuhamia biti 64. Wasiwasi uliobaki ni wa vifaa vidogo vilivyofungwa ndani ya mashine nyingine, ambavyo hakuna anayekumbuka kwamba vina saa.

Kuna mahali pamoja ambapo ndugu hawa wawili walikutana tena. Kompyuta haijui kubahatisha, kwa hiyo ikitakiwa kutoa namba zinazoonekana za bahati nasibu inabidi itumie kanuni. Kanuni moja iliyopendekezwa mwaka 1969, na kupewa umaarufu na Stephen Park na Keith Miller mwaka 1988, inasema: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, na baki ndilo namba yako mpya. Hili ni duara lile lile la Euler, ila kizidisho kimebadilika. Tunajua kwamba urefu wa duara lazima ugawanye 2,147,483,646, na swali ni kama duara linaweza kuwa refu kadiri inavyowezekana, lipite kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kurudi. Kwa kizidisho 7 linapita zote. Kwa kuwa 2,147,483,646 ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, na 5 haimo, 7⁵ nayo inapita zote, na 7⁵ ndiyo 16,807. Duara refu kiasi hicho lisingewezekana kama namba isingekuwa tasa, na hesabu isingeingia vizuri katika biti 32 kama isingekuwa ndiyo kikomo. Hapa, tofauti na pale mwanzo, wahandisi waliichagua kwa kujua.

Swali la asili baada ya hayo ni kama mchezo unaweza kurudiwa. Namba 31 yenyewe ni 2⁵ − 1, na imetoa tasa. Je, 2,147,483,647 ikiwekwa kuwa kipeo, 2 ikazidishwa yenyewe mara zote hizo na kutolewa moja, itatoa tasa nyingine? Namba hiyo ingekuwa na tarakimu 646,456,993, na kuigawanya kwa njia ya kawaida ni jambo lisilofikirika. Lakini chekeche la Euler halijali ukubwa. Linasema kwamba kigawo chochote tasa lazima kiwe kigawe cha mara mbili ya kipeo, kikiongezwa moja, kwa hiyo mtu anaweza kupanda ngazi hiyo kidato kwa kidato na kupima kila kidato kwa duara la mabaki, bila kuiandika namba yenyewe popote. Waliopanda walifika kwenye 137,490 × 2,147,483,647 + 1, ambayo ni 295,257,526,626,031, wakazungusha duara, na baki likawa moja. Si tasa.